Kuegesha Mteremkoni

Hapa Chavakali kila mtu anaijua pikapu yetu
kwa jinsi inavyolala: pua chini, mkia juu,
jiwe mbele ya tairi.
Pasipo mteremko hatusimami.
Nimewahi kumpita mteja, noti mkononi,
kwa kuwa alinisubiri penye tambarare.

Maana ina siku zake.
Leo unagusa ufunguo, inanguruma.
Kesho unazungusha, inakujibu: ta.
Ta moja, kavu,
kama karani anayekufungia dirisha.
Taa za dashibodi zinafifia, zinaona haya,
na mikungu yangu arobaini ya ndizi
inaanza kuiva papo hapo mgongoni.

Nimenunua betri Kisumu, mpya, risiti ninayo.
Nimenunua stata ya mtumba, nikaapiwa ni ya Japani.
Fundi Asava aliigonga kwa nyundo,
ikawaka, akadai mia tano za nyundo.
Na ugonjwa wenyewe una adabu za mwizi:
nikiifikisha gereji inawaka mara kumi,
mafundi wakanigeukia
kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Ni Kageha, yule anayejifunza kazi,
ovaroli kaikunja mara tatu miguuni,
aliyeniuliza, "Lini?"
Wengine wote walikuwa wameuliza nini.
Akanipa daftari la shule,
lenye jedwali la kuzidisha nyuma.

Nikaandika wiki tano.
*Jumatatu, alfajiri, ukungu: ta.*
*Jumatatu, saa sita, jua: imewaka.*
*Alhamisi, baada ya mvua: ta, ta, ya tatu ikawaka.*
*Jumamosi, tumetoka Luanda kwa ile njia ya mashimo: imewaka.*
*Jumapili, mazishi kwa Imbuga: ta.*
*Nimesukumwa na wafiwa.*

Kageha alilisoma kama barua ya mtu mwingine,
polepole, midomo ikichezacheza.
"Ikitikiswa inakubali," akasema.
"Ikilala baridini inasahau.
Kuna mahali pameshikana nusunusu."

Akaomba waya mnene.
Ncha moja kwenye hasi ya betri,
ya pili kwenye chuma cha injini.
"Washa."
Ikawaka.
Akauondoa. Ta.
Akaurudisha. Ikawaka.
Asava akaacha kutafuna muwa.
"Moto unakwenda vizuri," Kageha akasema,
"ila hauna njia ya kurudi."

Akalala chali vumbini na spana ya kumi na tatu,
akafungua nati ya waya wa ardhi
pale unapofungwa kwenye chesisi.
Chini yake: buluu.
Buluu laini, isiyo na kutu wala mkwaruzo.

Niliijua.
Baba aliipaka mwenyewe, Desemba ile ya harusi ya Jendeka,
kwa brashi ya ukuta, siku nne,
akiwa tayari ameanza kukohoa.
Hakuruka hata pembe.
Alifungua kila kilichofunguka, akapaka na chini yake,
kisha akaurudisha waya juu ya rangi
na kuukaza kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.
Rangi haipitishi moto.
Nani angemwambia, naye anapendeza vile,
buluu hadi viwikoni?

Kageha alikunja msasa, akasita,
akanipa mimi.
Nikasugua duara la ukubwa wa shilingi kumi
hadi chuma kikanitazama.
Vumbi la buluu liliniingia kwenye kucha.
Sikunawa hadi usiku.

Siku hizi inawaka mara moja, haina hadithi.
Kurasa zilizobaki mke wangu anaandikia
wanaotudai na tunaowadai.
Ila jana, Mbale, uwanja mtupu, tambarare tele,
nilijikuta nimezunguka soko mara mbili
nikitafuta mteremko,
na jiwe lingali chini ya kiti.